Mlango wa Ghorofa ya Tisa

Wasichana walikuwa wamekwisha kupokea mishahara yao ya wiki. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 25 Machi 1911, yapata saa kumi na dakika arobaini alasiri, na katika jengo la Asch mjini New York zilibaki dakika chache tu kengele ya kutokea ilie. Wengine walikuwa wamekwisha kusimama, wanachukua makoti na kofia zao. Jengo hilo lilikuwa na ghorofa kumi. Tatu za juu, yaani ya nane, ya tisa na ya kumi, zilikuwa za kampuni ya Triangle, iliyoshona blauzi za kike zilizopendwa sana siku hizo.

Wanangu, nataka mkione kiwanda hicho vizuri kabla sijawaambia kilichotokea, kwa sababu siasa ninayokusudia kuwaeleza leo haieleweki bila vitu vya chumba kile. Vitambaa vilikatwa ghorofa ya nane. Chini ya meza za wakataji kulikuwa na masanduku makubwa yaliyojaa vipande vya pamba vilivyobaki, vyepesi na vikavu, vilivyorundikana tangu Januari. Juu ya meza, kwenye waya, zilining'inia karatasi za vipimo. Ghorofa ya tisa ilikuwa ya washonaji: safu ndefu za vyerehani zaidi ya mia mbili, viti vimebanana, vikapu vya nguo sakafuni. Palikuwa na milango miwili ya kutokea ngazini. Jioni wafanyakazi waliruhusiwa kuutumia mmoja tu, ule wa upande wa mtaa wa Greene, wakipita mmoja mmoja mbele ya mlinzi huku mikoba yao iko wazi, ahakikishe kwamba hakuna aliyeficha kipande cha lesi. Mlango wa pili, wa upande wa Washington Place, ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, asije mtu akapenya bila kukaguliwa.

Moto ulianzia ghorofa ya nane, katika sanduku mojawapo la vipande, pengine kwa njiti ya kiberiti au kipisi cha sigara. Watu waliumwagia ndoo za maji, kisha wakauvuta mpira wa maji wa ukutani. Mpira haukutoa maji. Mtu mmoja akapiga simu ghorofa ya kumi, kwenye ofisi za wenye kiwanda, Max Blanck na Isaac Harris, nao wakapanda kwenye paa na kuvukia jengo la jirani. Ghorofa ya tisa hakuna aliyeipigia. Washonaji walipata habari za moto pale moto wenyewe ulipoingia madirishani.

Waliokuwa karibu na mlango wa Greene walitoka mpaka moshi ulipoziba ngazi. Waliokimbilia mlango wa Washington Place waliukuta umefungwa. Waendesha lifti wawili, Joseph Zito na Gaspar Mortillaro, walipanda na kushuka, wakapanda tena, wakaokoa watu wengi hadi lifti zikashindwa kwenda. Ngazi ya chuma iliyokuwa nje ya ukuta ilijipinda ikaanguka pamoja na watu waliokuwa juu yake. Zimamoto walifika upesi, lakini ngazi yao ndefu kuliko zote iliishia ghorofa ya sita. Waliobaki madirishani waliruka.

Katika muda usiofika nusu saa walikufa watu 146. Wanawake na wasichana walikuwa 123, wanaume 23. Wengi wao walikuwa Wayahudi kutoka Ulaya Mashariki na Waitaliano, watu waliohamia Marekani miaka michache tu kabla ya hapo. Wadogo kuliko wote walikuwa na miaka 14.

Hatua chache kutoka hapo, kwenye nyumba moja inayotazama bustani ya Washington Square, mwanamke wa miaka 30 aitwaye Frances Perkins alikuwa amealikwa chai na rafiki yake. Walisikia kelele na king'ora, wakatoka mbio. Alifika akasimama miongoni mwa umati, akatazama, na hakuna alichoweza kufanya. Likumbukeni jina lake, maana nitalirudia sana.

Sasa sikilizeni jambo linaloniuma zaidi katika habari hii. Wasichana wa Triangle walikuwa wamesema. Mwezi Novemba 1909, katika mkutano uliojaa watu kwenye ukumbi wa Cooper Union, mshonaji wa miaka 23 aitwaye Clara Lemlich alichoka kuwasikiliza wazee wa vyama wakizungukazunguka, akaomba nafasi, akapanda jukwaani, akasema kwa Kiyidi kwamba maneno yametosha na sasa wagome. Washonaji wa blauzi wapatao elfu ishirini waliacha kazi. Walipigwa mitaani, walikamatwa, walitozwa faini. Walidai saa za kazi zipunguzwe, mshahara uongezwe, chama chao kitambuliwe, na katika madai yao yalikuwemo mambo ya usalama wa vyumba vya kazi. Viwanda vingi vilikubali kutia sahihi mkataba na chama chao. Triangle haikukubali. Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye ndio ukaja moto.

Kwa hiyo msije mkaambiwa kwamba hakuna aliyejua. Walijua, wakasema, na sheria ya nchi haikuwa na masikio ya kuwasikia.

Na kwa nini haikuwa nayo? Hapa ndipo lazima tuingie katika fikra za wakati ule. Watu wengi wenye elimu na mamlaka waliamini kwamba serikali haina kazi ndani ya kiwanda cha mtu. Mwenye kiwanda ana mali yake, mfanyakazi ana nguvu zake, na wakikubaliana, wamekubaliana. Wa tatu asiingie kati. Mwaka 1905 Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta sheria ya jimbo la New York iliyokataza waokaji mikate kufanyishwa kazi zaidi ya saa kumi kwa siku, kwa hoja kwamba sheria hiyo inamnyima mwokaji uhuru wa kuingia mkataba anaoutaka. Fikirini maana yake. Msichana wa miaka 16, aliyeshuka melini hana hata nauli, asiyejua Kiingereza, alihesabiwa kuwa amekaa meza moja na kampuni yenye mamia ya wafanyakazi na mawakili wake, wanapatana kama watu wawili sawa. Asipopenda, si aondoke? Aende wapi, na viwanda vyote viko hivyo hivyo?

Dhidi ya fikra hizo waliinuka watu wanaoitwa wanamaendeleo, na siasa zao zikaitwa siasa za kimaendeleo. Kipindi chao kikuu nchini Marekani ni kuanzia miaka ya 1890 hadi karibu 1920. Hawakuwa chama kimoja. Walikuwamo walimu, madaktari, waandishi wa magazeti, wachungaji, wanawake waliosoma vyuoni kisha wakanyimwa kazi za maana, mawakili, na wanasiasa wa vyama vyote viwili vikubwa. Walibishana wao kwa wao kuhusu mambo mengi. Waliloliamini pamoja ni hili: mateso mengi tunayoyaona katika jamii yametokana na mipango ya watu, kwa hiyo watu wanaweza kupanga upya; na chombo cha kupangia upya ni serikali inayowajibika kwa wananchi, inayofanya kazi kwa kufuata ukweli uliochunguzwa.

Mhafidhina husema: tahadhari, yaliyopo yamejengwa kwa vizazi vingi, ukibomoa ukuta usioujua kazi yake paa litakuangukia. Mwanamapinduzi husema: mfumo wote umeoza, tuung'oe na mizizi yake. Mwanamaendeleo anasimama kati yao, na wote wawili humrushia mawe. Yeye anataka mlango ufunguliwe kesho asubuhi, kwa sheria, na awepo mkaguzi wa kuhakikisha kwamba umefunguliwa. Mimi naona kuna ujasiri mkubwa katika kazi hiyo, ingawa haina bendera wala ngoma.

Silaha yao ya kwanza ilikuwa kuchunguza na kutangaza. Ida Tarbell alisoma nyaraka za kampuni ya mafuta ya Standard Oil na tangu 1902 akaandika makala mfululizo katika jarida la McClure's, akionyesha jinsi ilivyowaminya washindani wake. Mwaka 1911 mahakama ikaamuru kampuni hiyo igawanywe vipande 34. Upton Sinclair aliishi majuma saba kati ya wachinjaji wa Chicago, akaandika riwaya, na mwaka 1906 ikapitishwa sheria ya ukaguzi wa nyama. Lakini mimi nampenda zaidi mpiga picha Lewis Hine. Tangu 1908 alizunguka nchi nzima kwa niaba ya kamati iliyopinga ajira ya watoto, akiingia kwenye viwanda vya nyuzi, migodi ya makaa ya mawe na mashamba. Wenye viwanda hawakumtaka, basi mara nyingine alijifanya muuza Biblia au mtu wa kupiga picha za mashine. Alijua kwamba wakubwa wangesema mtoto huyu ni mkubwa, ni mfupi tu. Kwa hiyo alisimama karibu na mtoto, akaangalia kichwa chake kinafika kwenye kifungo cha ngapi cha kizibao chake, na urefu wa kila kifungo kutoka ardhini alikuwa anaujua. Huku mkono mmoja umo mfukoni, aliandika kwa siri jina, umri na urefu. Picha peke yake humtoa mtu machozi. Picha yenye umri na vipimo humnyima mbunge pa kukimbilia.

Turudi New York. Siku kadhaa baada ya moto, tarehe 2 Aprili 1911, matajiri na watu wa heshima walikutana kwenye jumba la Metropolitan Opera kuomboleza na kujadili la kufanya. Akapewa nafasi Rose Schneiderman, mshona kofia, mwanamke mfupi mwenye nywele nyekundu, aliyekuwa kiongozi wa wafanyakazi. Aliwaambia waziwazi kwamba wamekwisha kuwajaribu watu wema wa umma na kuwakuta wamepungukiwa, na kwamba wafanyakazi hawataokolewa na mtu isipokuwa kwa nguvu ya umoja wao wenyewe. Ukumbi ulinyamaza. Kila nikifika hapa nasita, kwa sababu Rose alikuwa anasema kweli mbele ya watu ambao, mwishowe, nao walifanya jambo la kweli. Sheria zilizokuja baadaye zisingepatikana bila wasomi waliojua kuziandika na kuzipitisha. Lakini wasomi hao wasingepata nguvu ya kuzipitisha bila wasichana elfu ishirini waliogoma na wale 146 waliokufa. Nani alitangulia? Kwangu mimi ni wasichana.

Bunge la jimbo la New York liliunda tume ya kuchunguza viwanda katikati ya mwaka 1911. Mwenyekiti alikuwa seneta Robert Wagner, makamu wake mbunge Al Smith. Hao wawili walikuwa watu wa Tammany Hall, mtandao wa kisiasa uliokuwa ukitawala jiji kwa kugawa kazi na zawadi ili kupata kura. Hakuna aliyetarajia kwamba wataamka. Frances Perkins, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa akichunguza hali za wafanyakazi, akawa mmoja wa wapelelezi wa tume, na akaamua kwamba wanasiasa hawa hawatasomewa ripoti tu. Watapelekwa.

Alimpeleka Al Smith alfajiri kuwaona wanawake wakitoka kiwanda cha kamba baada ya zamu ya usiku ya saa kumi. Aliwapeleka wajumbe, bila taarifa, kwenye kiwanda cha kusindika vyakula vya makopo, wakawakuta watoto wa miaka mitano, sita na saba wakimenya maharage na njegere. Na Wagner, seneta mzima, alimfanya atambae mwenyewe kupita kwenye tundu dogo la ukuta lililotokea kwenye ngazi ya chuma iliyoganda barafu, iliyoishia futi kumi na mbili juu ya ardhi. Viwandani, ngazi kama hiyo iliitwa njia ya kutokea wakati wa moto. Perkins aliyasimulia haya baadaye katika kitabu chake, na mimi sijapata somo la siasa bora kuliko seneta yule akitambaa.

Kati ya 1911 na 1914 New York ilipitisha sheria zaidi ya thelathini kutokana na kazi ya tume hiyo. Someni zilisema nini, maana hapa ndipo fikra inapogeuka kitu cha kushikika: milango ya viwanda ifunguke kwa kusukumwa kuelekea nje, na isifungwe kwa ufunguo watu wakiwa kazini. Mabaki yanayoweza kushika moto yaondolewe. Majengo marefu yenye wafanyakazi wengi yawekewe mabomba ya kunyunyiza maji kutoka darini. Yafanyike mazoezi ya kutoka wakati wa moto. Kuwe na vyoo, kuwe na hewa. Wakaguzi waongezwe, wenye mamlaka ya kuingia na kuadhibu. Hakuna hata sheria moja kati ya hizo ambayo mtu angeitungia utenzi, na kila mojawapo imeokoa watu wasiojua kwamba waliokolewa.

Halafu kuna hadithi ya saa 54, nayo inafundisha upande mwingine wa siasa hizi. Perkins alikuwa akipigania sheria ya kuzuia wanawake wasifanyishwe kazi zaidi ya saa 54 kwa wiki. Mwaka 1912 wapinzani wake walicheza mchezo: walipitisha mswada uliowaacha nje wanawake wa viwanda vya makopo, wakijua kwamba wanaharakati wameapa kutokubali ubaguzi huo, kwa hiyo mswada wote utakufa na wao hawatalaumiwa. Perkins alikuwa na dakika chache za kuamua, na wakubwa wake hawakuwepo wa kuwauliza. Akakubali. Akawapigia simu wabunge wawili wa Tammany, Tim Sullivan na binamu yake, waliokuwa wamekwisha kwenda bandarini kupanda meli ya usiku. Wakarudi mbio wakipanda kilima hadi bungeni, wakapiga kura, mswada ukapita. Alirudi akitegemea kukaripiwa na Florence Kelley, mkongwe wa mapambano hayo. Kelley alimkumbatia. Heri nusu shari kuliko shari kamili, wahenga walisema, lakini wanawake wa viwanda vya makopo waliobaki nje usiku ule walikuwa watu, wana majina, na Perkins alilijua hilo.

Wanamaendeleo waligundua mapema kwamba huwezi kubadilisha sheria za kazi ikiwa wanaotunga sheria wamewekwa na hao hao wenye viwanda. Kwa hiyo waliigeukia njia ya kupata viongozi. Robert La Follette, gavana wa Wisconsin, alipigania wagombea wateuliwe na wapiga kura katika uchaguzi wa mchujo badala ya kuteuliwa na wakubwa wa chama chumbani. Oregon tangu 1902 iliwapa wananchi haki ya kupendekeza sheria na kuipigia kura wenyewe. Hadi 1913 maseneta wa Marekani walichaguliwa na mabunge ya majimbo. Mwaka huo Katiba ikarekebishwa, wakaanza kuchaguliwa na wananchi. Mwaka 1920 marekebisho mengine yakakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ni mwanamke.

Mwanasiasa mkubwa kuliko wote aliyejitwika jina la mwanamaendeleo alikuwa Theodore Roosevelt, na huyu ana alama yake kwetu. Alipomaliza urais mwaka 1909 alishuka Mombasa mwezi Aprili, akapanda reli kwenda bara, akawinda Kenya, Uganda, Kongo hadi Sudan. Yeye na mwanawe waliua wanyama wakubwa na wadogo 512. Aliporudi kwao alitoa hotuba Kansas, Agosti 1910, akisema kwamba serikali lazima iwe na nguvu ya kuyatawala makampuni makubwa na kwamba maslahi ya binadamu yatangulie faida ya mali. Mwaka 1912 akaunda chama chake kipya cha Progressive, akadai siku ya kazi ya saa nane kwa wanawake na vijana, bima ya wagonjwa na wazee, na kura ya wanawake. Oktoba alipigwa risasi mjini Milwaukee. Karatasi nene za hotuba na kasha la miwani mfukoni vilipunguza nguvu ya risasi, naye akahutubia kabla ya kwenda hospitali. Alishindwa na Woodrow Wilson lakini alipata zaidi ya robo ya kura zote, na alimshinda rais aliyekuwa madarakani.

Lakini mtu huyu huyu aliyesema kwamba binadamu watangulie mali, katika kitabu chake cha safari, aliwasifu walowezi waliokuwa wakijitwalia nyanda za juu za Kenya na kuiona nchi ile kama mahali pa kujengwa na Wazungu. Wamasai na Wakikuyu waliokuwa wakiishi pale hawakuingia katika hesabu yake ya haki. Na kwenye mkutano mkuu wa chama chake cha 1912, wajumbe weusi kutoka majimbo ya Kusini walikataliwa kuingia.

Sitawaficha upande huu, maana mtu akiwasimulia habari ya wanamaendeleo akaishia kwenye milango iliyofunguliwa, amewadanganya. Wilson, aliyejiita pia mwanamaendeleo, aliruhusu wafanyakazi weusi wa serikali kuu watenganishwe na weupe maofisini tangu 1913. Mwaka huo huo, tarehe 3 Machi, wanawake waliandamana Washington kudai kura, na waandaaji wakamtaka Ida B. Wells, mwandishi mweusi aliyehatarisha maisha yake kufichua mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi ya wazungu, aandamane nyuma. Alikataa. Alisimama pembeni kati ya watazamaji, na ujumbe wa jimbo lake la Illinois ulipopita akajitosa katikati yao, akaendelea mbele.

Yapo mabaya zaidi. Imani yao kwamba wataalamu wanaweza kuipanga jamii iliwapeleka baadhi yao kwenye wazo la kupanga nani azae na nani asizae. Indiana ilipitisha mwaka 1907 sheria ya kuwafunga kizazi kwa nguvu watu walioitwa wapungufu, majimbo mengine yakafuata, na mwaka 1927 Mahakama Kuu ikabariki jambo hilo. Maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao maskini, walinyimwa uzazi kwa jina la sayansi na maendeleo. Mhafidhina aliyeonya kwamba serikali yenye nguvu ya kumsaidia mtu inaweza pia kumvunja hakuwa mjinga. Na marufuku ya pombe ya nchi nzima, iliyoanza 1920 kwa nia njema ya kuwalinda wake na watoto wa walevi, iliwatajirisha majambazi mpaka ikafutwa 1933.

Ndiyo maana mimi nampima mwanamaendeleo kwa swali moja: aliwauliza wenyewe? Perkins aliwauliza wanawake wa zamu ya usiku. Wale waliofunga watu vizazi hawakumuuliza mtu.

Mambo yao mengine yalishindwa kwa muda. Mwaka 1916 bunge la Marekani, baada ya picha za Hine na kelele za miaka mingi, lilipitisha sheria ya kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto zisisafirishwe kutoka jimbo hadi jimbo. Mwaka 1918 Mahakama Kuu ikaifuta. Wenye Triangle, Blanck na Harris, walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na Desemba 1911 wakaachiliwa, kwa kuwa wazee wa baraza hawakuridhika kwamba walijua mlango umefungwa wakati ule. Mwaka 1914 walikubali kulipa dola 75 kwa kila maisha katika kesi za madai. Bima ilikuwa imewalipa zaidi ya hapo.

Mwaka 1933 Franklin Roosevelt, jamaa wa mbali wa yule mwindaji, alimwita Perkins awe waziri wa kazi. Hakuwahi kuwako mwanamke katika baraza la mawaziri la Marekani. Alikwenda na orodha ya anayoyataka, akamwambia rais kwamba kama hayataki, asimteue: mafao ya wazee, bima ya wasio na kazi, kima cha chini cha mshahara, kikomo cha saa, kukomesha ajira ya watoto. Roosevelt akakubali. Sheria ya hifadhi ya jamii ilipita 1935. Mwaka huo huo yule seneta aliyetambaa kwenye tundu, Robert Wagner, alipitisha sheria ya kulinda vyama vya wafanyakazi, yenye jina lake hadi leo. Mwaka 1938 ikaja sheria ya senti 25 kwa saa kuwa mshahara wa chini kabisa, pamoja na kikomo cha saa za kazi, na kizuizi cha ajira ya watoto kama kile kilichofutwa 1918. Safari hii, mwaka 1941, Mahakama Kuu iliupitia uamuzi wake wa zamani na kuutengua, majaji wote kwa sauti moja.

Wafanyakazi wa mashambani na watumishi wa majumbani waliachwa nje ya sheria hizo. Wabunge wa Kusini walitaka hivyo, na kwao wafanyakazi hao wengi walikuwa watu weusi. Frances Perkins alifariki Mei 1965. Mwaka uliofuata sehemu ya wafanyakazi wa mashambani iliingizwa katika kima cha chini cha mshahara. Watumishi wa majumbani walisubiri mpaka 1974, miaka 63 baada ya Jumamosi ile, na waliosukuma mpaka sheria ikabadilika walikuwa wanawake weusi waliopika na kufua katika nyumba za watu, wakaungana, wakaanza kudai.